Aliyebaki Upande wa Kulia

Krosi zote zile zilikuwa zangu.
Liandikwe hilo, hata asipolisoma mtu:
winga wa kulia, Kramfors, daraja la nne,
uwanja nyuma ya kiwanda cha mbao
ambako vumbi la msumeno lilitua kwenye jezi
tukanuka msonobari mpaka kanisani.

Joar Byström hakuwa na mbio.
Alikuwa na subira, basi,
subira ya mtu aliyeinamia tundu la barafu na uzi mmoja:
ametulia, ametulia, mabeki wamemsahau,
kisha mpira u wavuni
na yeye anafunga kamba za kiatu.

Akaenda Groningen ana miaka kumi na tisa
na begi la baba yake, zipu mbovu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huko hata hizo mbili hakupewa.
Asubuhi ya kwanza kocha alimtupia kizibao cha rangi ya chungwa,
akamwambia, kimbia.
Usiku akanipigia simu. "Huku upepo nao unacheza beki."
Nilicheka. Hakucheka.

Magoli kumi na moja, halafu kumi na tisa,
halafu Ancona, Italia, kwa fedha ambazo
mama yake, Gunborg, aliziandika juu ya bahasha
apate kuhesabu sifuri kwa ncha ya kalamu.
Mechi ishirini na sita. Magoli mawili:
moja la penalti, jingine lilimgonga mgongoni.
Magazeti yakamwita Friji.
Jukwaa likapiga miluzi kila alipougusa mpira,
na alipokaa bila kuugusa likapiga vilevile.
Alijifunza Kiitaliano kwa kutukanwa:
alijua neno la mzigo
kabla hajajua neno la kijiko.

Mimi nilikuwa zamu ya usiku, napanga mbao,
simu imeegemea chupa ya kahawa,
na nitasema kweli, maana huyu ni rafiki yangu:
kila alipokosa
kitu fulani ndani yangu kilivuta kiti kikakaa.
"Ningempa mimi, angefunga," nikasema kwa sauti.
Mashine haikujibu.

Akakopeshwa. Akakopeshwa tena.
Ndivyo wanavyosema, mtu kukopeshwa, kama toroli,
na kurudishwa gurudumu limepinda.

Mpaka Rize, Uturuki, mji wa chai,
mvua inanyesha kama inayodai deni.
Huko alifunga kwa kichwa, kwa goti, kwa bega,
mara moja kwa sikio, naapa, niliirudia picha.
Mwenye mgahawa mmoja, Temel, miaka mitatu
alikataa kupokea hata senti yake.
Jina lake walilitamka walivyoweza,
naye akaitika walivyotamka.

Goti lilikatika mazoezini, hakuguswa na mtu,
kama tawi lililobeba theluji ya jana.

Sasa yuko hapa. Thelathini na sita, kipara kinaanza.
Jumanne hii ya Aprili theluji tumeisukuma kando kwa trekta,
wazee kumi na mmoja, wazee tisa, refa hakuna.
Nikapanda kulia, mapafu yanalia,
nikainua kichwa: yuko palepale, anafunga kamba.
Nikampa. Ileile.

Akaituliza kifuani.
Goli tupu, kipa ameteleza kwenye tope.
Akalitazama lile goli, akatazama tena,
akanirudishia.

Nikapaisha.
Mpira ukavuka uzio, ukadumbukia nyuma ya rundo la mbao,
tukaenda kuutafuta wawili, yeye akichechemea,
akaniita neno fulani la Kiitaliano.
Nikamuuliza, maana yake?
Akainama chini ya magogo, mkono mpaka begani.
"Kijiko," akasema.