Ndoo Bado Iko

Jumanne na Ijumaa namwogesha Verna Estabrooks,
namhesabia vidonge, namfunga kamba za viatu.
Halafu yeye hunikalisha kitini kando ya dirisha
na kuniambia nisipumue sana.

Nje ni Sackville, mwezi wa pili.
Mbuga ya matope ya chumvi imelala chini ya theluji
na ghala moja la nyasi, la mwisho upande huu wa reli,
limeuegemea upepo kama mlevi aliyemwegemea rafiki.

Anavunja yai. Anautenga ute,
anakibiringisha kiini kiganjani hadi kikauke,
anakitoboa kwa pini.
Kwetu Muheza mama angelia:
yai zima, kwa ajili ya kivuli cha shingo!
Ute hunipa nikaange. Hauna ladha, lakini nala.

"Mwaka wa sitini na moja," anasema, brashi mdomoni,
"alikuja mwalimu kutoka Montreal, koti la ngozi,
akatuambia kamera imeshaimaliza kazi hiyo,
ng'ombe, nyumba, nyuso, basi,
sasa rangi iachwe iseme yenyewe."
Wenzake wakatandaza turubai sakafuni,
wakamwaga: nyekundu, samawati, lami.
Wengine walipata majina, na nyumba Toronto.
Yeye alibaki kufagia. Akaichukua ndoo.

Ndiyo hii, juu ya kabati la sahani.
Ameichora mara kumi na tisa.
Kila tone lililoganda ubavuni analijua:
lile jekundu lililoshuka likasita karibu na kitako,
lile la samawati lililoliparamia.
Anayachora matone yao kama anavyochora kutu,
bila kinyongo, kwa brashi ya nywele tatu.

Nikikaa hivyo saa nzima
nami hutunga kimoyomoyo, kwa vidole, nane kwa nane:

   Ndoo ni ndoo ya bati, imekatika kishiko,
   Haikujificha kati, ya rangi na michafuko,
   Waulizao wakati, wajibiwe: bado iko,
   Nami ganzi kwenye kiti, hamna mtikisiko.

"Unahesabu nini?" Amekiona kidole gumba kikitembea.
Namweleza habari za vina na mizani,
za ami yangu Shekue, karani wa mkonge,
aliyesema shairi lisilo na vina
ni kanzu isiyo na tundu la shingo,
utaingiza wapi kichwa?
Verna anacheka hadi anakohoa. "Nisalimie."
Ami alikwishafariki. Simwambii.
Wala simwambii kwamba kanzu ile niliikimbia,
kwamba hata haya nayaandika mistari mirefu na mifupi
na ami angeyafungia bagia.

Machi, dhoruba ikaling'oa ghala.
Burpee Wheaton, jirani, akaingia na theluji hadi jikoni:
watu wa bima wanataka idadi ya mbao,
naye hana picha hata moja,
miaka yote ghala lilikuwepo tu,
nani apige picha ghala?
Tukaishusha ile ya ukutani, ya themanini na saba,
tukaiegemeza kwenye jiko, tukahesabu.
Ukuta wa magharibi, mbao arobaini na moja.
Mbili zimezibwa kwa bati la tangazo la soda.
"Na hiyo iliyopasuka," Verna akasema,
"andika imepasuka. Usiwadanganye."
Burpee akaandika nyuma ya bahasha.
Zaidi ya mbao, hakutazama kitu.
Akaomba chai.

Sura yangu haijakamilika, limebaki sikio.
Ila kola ya sare ipo, na mshono wake uliofumuka,
na beji kifuani, yenye jina langu
kama walivyolichapa ofisini: Mwanadi.
Nilimwomba aongeze ile i iliyopotea,
tone dogo tu la kiini cha yai.
Aliinama, akaitazama beji kwa muda, akakataa.
"Sioni i hapo."

Ijumaa, kabla ya zamu, nilikwenda ofisini
kuomba beji nyingine.