Kioo Chini ya Pua

Kabla ya mashine zote, daktari Zelma anatoa kioo,
kipande cha chuma kilichong'arishwa,
baridi kama dirisha la Februari hapa Riga,
anakiweka chini ya pua ya mume wangu.
"Pumua tu, bwana Visvaldis. Usijikaze."
Visvaldis anajikaza.

Ukungu unachora mabawa mawili:
la kushoto pana kama kisahani,
la kulia kama ukucha wa mtoto,
na hilo linafutika kabla halijakamilika.

Miaka kumi na tisa nimelala upande wa tundu hilo
na sikujua.

Nilijua mkoromo, kabati zito linaloburutwa sakafuni,
na nilijua pale kabati linapokwama.
Si kelele inayoniamsha. Ni kimya.
Nahesabu. Kumi. Ishirini.
Usiku mmoja nilifika arobaini na moja,
nikampiga kiwiko, akavuta hewa
kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya barafu,
akasema, "Vipi tena?" akageuka.
Asubuhi akaenda kuendesha tramu.

Sasa maswali ya karatasi.
Pua kuziba, mwezi uliopita: si tatizo, dogo, la wastani, baya, baya mno?
"Si tatizo," anasema, mdomo wazi,
mdomo unaofanya kazi ya jirani yake bila mshahara.
Nakohoa.
"Basi, dogo."

Plasta tundu moja, barakoa, mrija.
Kwenye skrini mstari wa kushoto unapanda mlima;
wa kulia umelala kifudifudi.
"Na sasa ulale chali," anasema daktari,
"maana usiku huwa hulali umekaa."
Akilala, hata kushoto kunaanza kujifunga, polepole,
kama duka linalofungwa mteja akiwa bado ndani.

Ndiyo maana ile mashine ya usiku
inaning'inia msumarini tangu Oktoba.
"Kinachoanguka ni koo," daktari anasema,
"lakini upepo tutaupitisha wapi, mlango ukiwa umepinda?"

Matone ya kuzibua. Robo saa ya kungoja.
Anaulizwa: uliwahi kuvunjika pua?
Anatazama viatu vyake.
Hoki ya barafuni, umri miaka kumi na mmoja,
gongo la kaka yake Aivars.
Mama aliambiwa ni ngazi.
Aivars, ambaye kila Septemba hutuletea ndoo ya uyoga
na hataki hata chai.

Wanapima tena. Kushoto kumefunguka.
Kulia, vilevile: huo ni mfupa, si uvimbe.
Daktari anaandika tarakimu. Mimi naandika moyoni: ndoo kumi na tisa.

Usiku natoa kioo cha poda mkobani,
nakisogeza gizani chini ya pua yake.
Anafungua jicho moja.
"Mirdza. Sijafa."
"Najua. Pumua."