Tik Moja

Naryn, saa kumi na moja alfajiri,
nyuzi ishirini na nane chini ya sufuri.
Niva ya baba, rangi ya maziwa yaliyochacha,
imelala uani, theluji imefika kwenye vitasa.
Nikazungusha ufunguo.
Tik.
Basi. Haikukohoa wala kuguna.

Begi langu lilikuwa limeshakaa kiti cha nyuma,
nauli ndani ya soksi.
Basi la Bishkek huondoka saa moja
na halimngoji binti wa mtu.

Baba akatoka, koti la manyoya juu ya nguo za kulalia.
Masikio yake yalibaki machimboni
siku baruti ilipowahi kulipuka;
tangu hapo nasikia kwa niaba yake.
Akauliza kwa kidevu: inasemaje?
Nikainua kidole kimoja.
Si nyingi? Akachezesha vidole vyote juu ya boneti,
kama mvua ya mawe.
Nikatikisa kichwa. Moja tu.

"Betri," nikasema, nikiupanua mdomo asome.
Nilitaka iwe betri. Betri huazimwa kwa jirani.
Akanionyesha taa.
Nikawasha, na paka wa Sairagul akanaswa kwenye mwanga,
kipande cha nyama mdomoni, hana la kujitetea.
Sasa zungusha.
Nikazungusha. Taa hazikufifia hata chembe.
Betri yenye njaa huziibia taa,
alinifundisha hayo nikiwa na miaka tisa;
hii imeshiba, ila chakula hakifiki kunakotakiwa.

Akavua glavu.
Akainamia injini mpaka kifua kikagusa chuma,
kiganja juu ya stata,
nami nikazungusha.
Mimi nilisikia tik. Yeye aliigusa,
akakunja uso kama aliyepewa salamu ya baridi.
Akaigonga stata kwa mpini wa nyundo.
Tik.
Akachungulia fyuzi. Akatikisa vichwa vya betri:
imara, na grisi aliyovipaka mwenyewe Oktoba.
Saa kumi na mbili ikapita.
Mama dirishani, chai mkononi, hailetwi.

Nikiri: kuna dakika moja nilifurahi.
Nilijiona nikilitoa begi,
nikiirudisha tiketi, nikiukanda unga wa mkate.

Ndipo akachukua waya mnene wa kuazimia moto,
ncha moja kwenye hasi ya betri,
ya pili akaing'atisha chuma kitupu cha injini.
Akanitazama.
Nikazungusha,
na Niva ikajinyanyua, ikazunguka, ikapiga chafya mbili
na kunguruma hadi theluji ikamwagika paani.

Akaizima.
"Kwa nini unaizima!" nikamfokea mtu asiyesikia.
Akapenyeza mkono chini, bega lote,
akatoka na ukanda wa shaba uliosukwa
kama alivyozisuka nywele zangu mwaka mama alipolazwa,
vibaya, kwa kukaza mno.
Kijani kitupu. Nyuzi tatu tu zilikuwa bado hazijakatika.
Akaniwekea kiganjani,
akasema kwa ile sauti isiyojua ukubwa wake,
inayowaamsha majirani:
"Umeme kwenda unajua.
Huu ni wa kurudia. Usiporudi, hauendi."

Sijui kama alikuwa akiongelea gari.

Akakata kipande cha waya wa trekta la zamani,
akasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa,
akakaza bolti mbili na kuzipaka grisi,
akaketi kwenye usukani bila kuniangalia.
Njia nzima, alipokuwa habadilishi gia,
mkono wake wa kulia ulikaa juu ya dashibodi
ukiisikiliza injini.
Hakuniuliza inasemaje.

Basi tuliliwahi, likiwa bado linapakia viazi.

Ule ukanda ninao hapa Yekaterinburg,
kwenye droo ya chumba tunacholala wanne.
Nikiushika, kidole hubaki na kijani
na sabuni ya kiwandani haikitoi.