Zote Ziko Sawa

Programu imeandika kwa kijani: ziko sawa.
Nimesoma mara tatu, miwani nimeifuta kwa shati.
Diski nyekundu, sawa. Diski nyeusi, sawa.
Bi Nyanjige amesimama nyuma ya kiti changu,
ananukia dagaa wa Mwaloni,
anauliza, "Kama ziko sawa, madeni yangu yako wapi?"

Nafungua nyekundu: hamna kitu.
Nafungua nyeusi: hamna kitu.
Ni kweli, mama, haikudanganya.
Utupu na utupu, pacha wa tumbo moja.

Miaka sita ya magunia.
Nani alibeba mangapi kwenda Goma,
nani alilipa nusu, nani aliapa kwa kaburi la baba yake
kwamba Ijumaa haitapita.
Ijumaa mia tatu zilipita,
na kila moja aliiwekea safu yake.

Habari za Kirumba hazihitaji kebo.
Kufika saa nne wadaiwa walishajaa dukani kwangu
kutoa pole.
Lushinge kaleta soda baridi, kwa fedha taslimu,
yeye ambaye hajawahi kuonekana na fedha taslimu.
"Hesabu za kweli anazo Mungu," alisema,
akaketi, akakunja nne.

Mimi nikashuka kwenye kumbukumbu za programu,
mistari midogo kama chawa.
Saa nane na dakika kumi na moja usiku, umeme umekatika.
Saa tisa kasorobo, umerudi.
Diski zikaamka, ila nyekundu ikavuta shuka,
na ilipofumbua macho, herufi yake, E,
ilikuwa imekaliwa
na diski ya Bugumba, mpwa wa mama,
aliyeichomeka jioni ili abebe sinema.
Mpya. Bado ina nailoni.

Programu haijui sura, inajua herufi.
Ilimkuta mgeni kwenye kiti cha mwenye nyumba,
ikampa shikamoo,
ikamuuliza: una nini?
Akasema: sina.
Basi ikaenda kwa nyeusi, ikamvua kila alichonacho
ili na yeye asiwe nacho.

Utii wa namna hii nimeuona kwa watu.
Sitasema wapi.

Asubuhi Bugumba kachomoa yake, kaenda zake Nyegezi.
Nyekundu ikarudi kwenye E, imeshiba, haijaguswa.
Hapo ndipo ningeomba umeme ukatike tena.
Maana programu ilitazama huku na huku,
ikaona habari mpya kuliko zote ni kufutwa,
ikaifikisha habari.

"Mama, ulisema diski ni ngapi?"
"Tatu. Ya bluu iko Nansio kwa mdogo wangu,
huja kila Jumamosi.
Jumamosi hii kivuko kiliharibika propela."

Nikamtazama. Hakuelewa kwa nini nacheka.
Chelewa chelewa, walituambia, utakuta mwana si wako.
Ya bluu ikafika Jumatano, kwenye mfuko wa rambo,
imefungwa kanga,
na magamba mawili ya samaki kwenye kona yake.

Kwanza nikaizima programu.
Kwanza kabisa, kabla ya kebo, kabla ya bismillah.
Nikazima, nikahakiki imezima,
mikono ikanitetemeka kama ninatahiri.
Kisha nikachomeka.
Ikazunguka, ikakwaruza kidogo kooni.
Safu ya kwanza. Ya pili.
Ijumaa zikaanza kurudi, moja moja.

Lushinge akakunjua nne.

Ila zilikoma Ijumaa ile ya mwisho.
Jumamosi hadi Jumanne, magunia ya siku nne,
hayapo popote, wala hayatakuwapo.
Bi Nyanjige akavuta stuli mbele ya mzee,
akampokonya chupa, taratibu, akaiweka sakafuni.
"Haya. Jumatatu ulichukua mangapi?"

Duka zima likanyamaza.
Lushinge akatazama kioo changu cha kijani
kana kwamba kingemsaidia.

"Tuseme manane?"
"Tuseme," akasema mama, akatafuta kalamu.