Kitasa

Jana, misa ya pili, tabernakulo ilikataa kufunguka.
Nilipiga goti, nikainuka, nikatia ufunguo;
ukazunguka nusu, ukagoma.
Nyuma yangu watu mia nne na joto la Machi.
Kwaya ilikwisha maliza beti zake zote
na Otiende kwenye kinanda akawa anaurudia ule wa mwisho,
anaurudia,
kama mwenye nyumba anayemwongezea mgeni chai
kwa kuwa wali haujaiva.

Katekista Mghanga akaninong'oneza:
"Usilazimishe, Padri. Ni chumvi."

Nimehubiri juu ya chumvi mara kumi na moja.
Chumvi ya mchuzini, chumvi ya ng'onda,
chumvi ya kumkoleza jirani aliyechujuka.
Miaka tisa nimeishi Chaani, upepo wa Kilindini
ukitafuna mabati ya jikoni na bawaba za madirisha,
na sikuwahi kusema madhabahuni
kwamba chumvi ikikaa sana na chuma
hukila.

Ikafunguka, mwishowe. Watu wakakomunika, wakaenda zao.

Leo Jumatatu. Tumemwaga sadaka mezani,
mimi na Mama Wakesho na kikokotoo chake.
Noti za hamsini zimekunjwa ndogo kama aibu.
Sarafu zanuka samaki, zanuka dizeli ya bandarini.
Katikati yake, kifungo cha shati.
"Tukiandikeje?"
Nimesema: andika kifungo, kimoja.
Ameniangalia, kisha ameandika.

Sikumwambia habari za Mzee Nyale.
Alhamisi usiku, wadi ya wanaume, Port Reitz,
alinishika kifundo cha mkono
kwa nguvu ya mtu aliyebeba magunia miaka thelathini,
akaniuliza, si kwa hasira, kama aulizaye bei:
"Padri, wewe mwenyewe waamini?"

Majibu ninayo. Nilisomeshwa miaka minane kuwa nayo.
Yalikuja yote hadi mlangoni mwa kinywa
yakakwama nusu.
Nikafungua kichupa, nikampaka mafuta
paji la uso, viganja;
mikono yangu ilijua njia.
Akafumba macho. Sijui kama lile lilikuwa jibu
au nilimnyamazisha tu.
Alfajiri wakanipigia simu.

Mchana huu nimevuka barabara kwa Bi Mkejuma,
auzaye mbaazi na mahamri karibu na msikiti
na hutuazima viti kila tukifikwa na msiba.
Nimemweleza kitasa.
"Huyo si shetani, Padri. Ni unyevunyevu."
Akanitilia mafuta ya nazi kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.
"Tone moja, uzungushe, urudishe, uzungushe.
Kila juma, usingoje kigome.
Na chupa yangu nirudishie."

Saa kumi na mbili na nusu, kanisani peke yangu.
Tone moja. Nazungusha, narudisha.
Kutu yatoka nyekundu kwenye kitambaa cheupe
ambacho kina mama watanigombeza kwacho.
Adhana yaanza ng'ambo ya barabara. Ufunguo wapita.
Ndani hakuna kilichobadilika:
siboriamu, giza dogo, hosti za jana.

"Mzee Nyale," nasema,
halafu sina la kuongeza.
Nafunga. Nafungua tena. Nafunga.

Kesho mazishi ni saa nne,
kwaya wana kikao cha sare,
na chupa ya wenyewe ningali nayo mfukoni.