Robo Lita

Nilikuwa napima maziwa, robo lita,
nikasikia baiskeli ikigonga ukingo wa mtaro
hapa Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
kisha ukimya ule ambao kila mzazi anaujua:
mtoto anavuta pumzi kabla ya kulia.

Hiza wa Mama Kaniki, miaka kumi na moja.
Damu kidevuni, shati la shule limelowa,
na mbele, juu, pengo jipya.
"Liko wapi?" nikauliza.
Watu wakanishangaa. Mtoto anavuja damu,
huyu muuza maziwa anatafuta nini mchangani?

Nikalikuta kando ya ganda la chungwa,
refu kuliko nilivyodhani.
Nikalishika kichwa, upande wa kung'atia.
Mzizi sikuugusa.

Bibi yake alishanyoosha mkono:
"Lete nilirushe juu ya paa, atapewa jingine."
Hapana, bibi. Ya paa yalikwisha.
Hili halina mdogo wake nyuma.

Singano, fundi baiskeli, akaja na mswaki na sabuni.
"Lisugue, lina mchanga."
Usiguse!
Nilipiga kelele hadi nikajishangaa,
maana mimi nimewahi kusugua.
Jino la Mbwana wangu, miaka tisa iliyopita:
nikalisugua kwa chumvi likang'aa kama kete,
nikalifunga kwenye leso, likalala humo, likakauka.
Kesho yake daktari akalitazama
kama mche uliong'olewa ukaachwa juani.
Mbwana alioa mwaka jana.
Picha zote za harusi kafumba mdomo.
Jino la pembe si dawa ya pengo;
nililinunua, najua bei yake.

Nikalimwagia maziwa kidogo, mchanga ukaondoka wenyewe.
Nikataka kulirudisha mahali pake,
Hiza akafunga taya kama duka saa ya Ijumaa.
Sikumlazimisha. Nikalitumbukiza kikombeni,
kwenye ile robo lita ya mteja.
"Na mimi?" mteja akauliza.
Subiri.

Kitambaa safi, kikunje, aking'ate, asikiachie.
Singano akampakia,
mimi nikadandia baiskeli ya kijana wa mkaa,
kiganja juu ya kikombe.
Saa nane na dakika kumi.
Ndani ya saa moja, daktari aliniambia siku ile,
na kila dakika utakayoipunguza ni faida yako.
Tukavuka reli. Kila shimo likainywesha kanga yangu.

Bombo, saa nane na dakika thelathini na tatu.
Daktari, binti mdogo tu, akachungulia kikombeni.
"Nani kakufundisha?"
Jino jingine, nikamwambia.

Sasa limefungwa waya. Wiki mbili, uji na ndizi za kuponda.
Litashika? Hakuahidi.
Hiza kila asubuhi anapita kunionyesha,
anainua mdomo wa juu kwa kidole,
nami namwambia toa kidole hicho kichafu.

Yule mteja bado ananidai.