Wageni wa Kununua

Nilituma elfu tatu kwa simu,
nikaletewa wageni elfu kumi kwa usiku mmoja.
Nyumba yangu ya Mkomani ina vyumba vinne.

Asubuhi nikakaa barazani na tarakimu zangu:
wote walibisha hodi saa tisa na robo,
wote kutoka mji mmoja nisioweza kuutamka,
wakakaa sekunde moja, wakaondoka.
Hakuna aliyefungua picha ya daka,
wala aliyeuliza bei, wala chandarua.

Famau, aliyeniuzia, akacheka:
"Bi Mwanamkuu, ulitaka idadi. Si idadi hiyo?"

Kweli. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
hawa hata mkono wa kulishika hawana.

Nikashuka hadi mwisho wa orodha, kwa mmoja
ambaye sikumlipia.
Katoka Voi. Kakaa dakika kumi na moja.
Karudi mara tatu kwenye picha ya ngazi.
Adhuhuri akaandika:
Vidato ni vingapi? Mama goti lamsumbua.

Nikaacha kalamu, nikapanda nikivihesabu kwa mguu:
kumi na tisa, na kimoja kimelegea.
Nikamjibu hivyo hivyo.
Nikaongeza: chumba cha chini ki wazi.